Nilidhani ni kazi ya kitambaa: nilivyobadilisha paa la gari langu nyumbani

Kilichonitoa uvivu ni kapeti. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, nilifungua mlango wa gari nikaingiza mkono nyuma ya kiti cha dereva kutafuta mwavuli. Kiganja kikazama. Nilipobonyeza kapeti, maji yalipanda katikati ya vidole, ya baridi, yenye harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Nilichuchumaa pale mlangoni kwa muda. Miaka miwili ya kubandika viraka ilikuwa imefika mwisho, na nilijua.

Gari lenyewe ni Mazda MX-5 ya mwaka 1992, kizazi cha kwanza, lile lenye taa za mbele zinazochomoza ukiziwasha. Gari hili lilioneshwa kwa mara ya kwanza Chicago, Februari 1989, na tangu mwanzo lilikuja na paa la kukunja kwa mkono lenye dirisha la nyuma la plastiki laini. Dirisha hilo lina zipu. Ukitaka kushusha paa, unafungua zipu kwanza, unalilaza dirisha, ndipo unakunja. Ukiwa na haraka ukaruka hatua hiyo, plastiki inakunjika mahali pamoja kila siku, na siku moja inapasuka. La kwangu lilikuwa limegeuka rangi ya chai kwa jua, na lilikuwa na mpasuko wa urefu wa kiganja palepale kwenye mkunjo. Nakiri kwamba nusu ya mpasuko ule niliusababisha mimi.

Viraka vyangu vilikuwa silikoni. Kila nilipoona tone, nilipaka silikoni: kwenye mshono, kwenye pembe ya dirisha, kwenye raba ya mbele juu ya kioo. Kama nawe umeshika bomba la silikoni wakati huu, naomba uliweke chini. Silikoni huacha utando usioonekana vizuri kwa macho, na gundi yoyote utakayoweka baadaye haishiki juu yake. Kuikwangua kwenye upau wa mbele, ule wa paa unaokaa juu ya kioo cha mbele, kulinila jioni nzima, na bado sehemu mbili ziligoma gundi mara ya kwanza.

Nilimwendea kwanza fundi anayeshona viti na mapaa ya magari. Ufundi wake peke yake ulikaribia bei ya paa jipya, na haikuwa bei ya dhuluma. Sasa hivi, baada ya kuifanya kazi hii mwenyewe, naona alinitajia bei ya haki. Lakini siku ile nilihesabu, nikaona nitaokoa nusu, nikaamua kufanya nyumbani pamoja na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye mikono yake imezoea useremala. Hesabu yangu ilisahau mambo mengi. Ukijumlisha gundi, ribiti (pini za chuma za kubania kitambaa), rangi ya kuzuia kutu, vipande vya keekee vilivyokatika, na kitu kimoja muhimu nilichokataa kununua mwanzoni kisha nikakiagiza kwa gharama ya usafiri wa peke yake, akiba iliyobaki ilikuwa kama theluthi tu. Saa za kazi zilifika thelathini hivi, ndani ya wiki tano.

Kuchagua paa kulinichukua muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kwa ufupi, kuna vinili, yaani kitambaa cha plastiki, na kuna turubai. Vinili ni rahisi kwa bei, inafutika kwa kitambaa chenye sabuni, na kwa gari langu ndiyo iliyotoka nayo kiwandani. Turubai ya magari huwa na tabaka tatu: nyuzi za nje, raba katikati, kitambaa cha ndani. Inapendeza na haing'ai, ila inataka kusuguliwa kwa brashi laini na kupakwa dawa ya kuzuia maji mara kwa mara. Nilichukua vinili, sijajuta. Jambo ambalo ningemwambia kila mtu asilifanyie ubahili ni dirisha: chukua la kioo. Kizazi cha pili cha gari hili, cha 1998, kilikuja na kioo chenye nyaya za kupasha joto, na mapaa ya aina hiyo hukaa vizuri kwenye fremu ya kizazi cha kwanza. Kioo hakigeuki njano, na hakidai zipu.

Nilipokuwa naagiza, niliulizwa kama nataka na mfereji wa mvua. Niliuliza ni nini, nikaelezwa ni ukanda wa plastiki unaokaa chini ya paa kwa nyuma. Nikasema hapana, wangu upo. Jibu hilo ndilo lililoharibu wiki tatu zilizofuata, na nitalirudia.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya kuvua paa la zamani. Vifaa havikuwa vya ajabu: soketi ya milimita 10 yenye mkono mrefu na nyingine yenye kiungo cha kupinda, bisibisi, keekee, koleo la ribiti, miwani ya kazi, mkanda wa karatasi, kalamu, na simu ya kupigia picha. Piga picha kila hatua, kisha piga nyingine kutoka upande wa pili. Mimi nilipiga nyingi upande wa kushoto na chache sana kulia, nikiamini pande mbili zinafanana. Zinafanana, lakini kwa kugeuka, na saa nne usiku ukiwa na kipande cha chuma mkononi huwezi kukigeuza kichwani.

Nyuma ya viti kuna kapeti la sehemu ya juu lililoshikwa kwa vipini vya plastiki. Ukiliondoa unakutana na mabapa matatu ya chuma, moja refu la katikati na mawili ya pembeni, yaliyobana ukingo wa paa kwenye bodi. Mabapa yenyewe yanashikwa na nati ndogo zilizokaa kwenye bolti zilizochomelewa kwenye bodi. Za katikati zinatoka bila shida. Za pembeni ziko nyuma ya nguzo za mikanda ya usalama, mkono unaingia ila jicho haliingii, na unafanya kazi kwa kupapasa.

Hapo ndipo nilipokata bolti ya kwanza. Nati ilikuwa imeshika kutu, nikaongeza nguvu, nikasikia mlio mdogo wa chuma kinachokatika, ule ambao mtu anausikia tumboni kabla ya masikioni. Bolti hizi ni nyembamba, hazikuumbwa kwa nguvu. Nilipaswa kuzipulizia mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia na kuziacha zinywe, kisha kufungua robo mzunguko, kurudisha kidogo, kufungua tena. Zilizobaki nilizifanyia hivyo na hakuna iliyokatika. Ile moja niliitoboa baadaye nikaweka nati ya aina ya ribiti, inayojibana yenyewe ndani ya tundu, na bolti mpya isiyoshika kutu. Ilinigharimu saa mbili kwa sababu ya sekunde moja ya pupa.

Baada ya mabapa, fremu yenyewe hushikwa na bolti tatu kila upande, karibu na nguzo za milango. Watu wengine hubadilisha kitambaa fremu ikiwa ndani ya gari. Sisi tuliitoa nzima tukaiweka juu ya meza, na ningefanya hivyo tena, kwa sababu mgongo wangu haungevumilia vinginevyo. Ila hakikisheni mko wawili na mmekubaliana nani anasema "inua". Fremu ni mkusanyiko wa mikono ya chuma yenye viungo, na ikiachwa huru inajikunja ghafla kama mkasi. Shemeji alikuwa ameshika kiungo cha kati nilipoteremsha upande wangu bila kusema. Kucha yake ya kidole cha shahada iligeuka nyeusi siku hiyohiyo. Hakunigombeza. Alikaa chini, akafunga kidole kwa kitambaa, akaniambia, "Shemeji, tukubaliane. Kuanzia sasa tunahesabu mpaka tatu." Nilijisikia vibaya kuliko kama angenitukana.

Kitambaa cha zamani kimeshikwa kwenye pinde za fremu kwa ribiti na skrubu. Ribiti hutolewa kwa kutobolewa kichwa kwa keekee. Anza na kipande chembamba, usisukume sana, na uache kichwa kikatike chenyewe. Ukisukuma, ribiti nzima inazunguka pamoja na keekee na unabaki unatoboa hewa. Vumbi la chuma fagia siku hiyohiyo: chembe ndogo iliyobaki kwenye rangi ya gari inashika kutu ndani ya siku chache na kuacha doa la rangi ya machungwa. Na usikate wala kutupa kitambaa cha zamani. Hicho ndicho ramani yako. Mimi nilikitandaza sakafuni na kukilinganisha na kipya mshono kwa mshono, nikahamisha alama za matundu kwa chaki.

Fremu ikiwa uchi tuliona kutu kwenye upau wa mbele, chini ya mahali gundi ilipokuwa. Tukasugua kwa brashi ya waya, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, tukaacha mpaka kesho. Nilikuwa na hamu ya kuendelea. Shemeji alikataa, na alikuwa sahihi.

Jumamosi ya pili niliitandaza vinili mpya juani tangu asubuhi. Hili ni la lazima. Vinili iliyokaa kwenye boksi ni ngumu na imejikunja, ikipata joto inalegea na kuvutika, na mikunjo mingi inaondoka yenyewe. Siku ya baridi usijaribu kabisa, ngoja siku yenye nyuzi joto 20 au zaidi.

Pembeni mwa paa, kila upande, kuna waya mwembamba unaopita ndani ya mfuko wa kitambaa juu ya madirisha ya milango. Kazi yake ni kuvuta ukingo ukae karibu na raba, upepo usiuinue. Mfuko huo ni mrefu na mwembamba, na waya unalegea ukiusukuma. Tulihangaika nao nusu saa, ukifika katikati unakunjika. Kisha shemeji akachukua uzi mnene, akaufunga kwenye msumari mrefu usio na ncha, akauteremsha msumari ndani ya mfuko huku akiusukuma kwa vidole kutoka nje, kidogo kidogo, kama mtu anayeingiza kamba kiunoni mwa suruali. Msumari ulipotokea upande wa pili, akafunga waya kwenye uzi akavuta. Dakika tatu. Upande wa pili ulichukua dakika moja.

Tukafunga kitambaa kwenye pinde, tukarudisha fremu garini kwa kuhesabu mpaka tatu, tukavika ukingo wa nyuma kwenye bolti pamoja na ule mfereji wa plastiki wa zamani. Wakati nauvika niliona mstari mweupe kwenye pembe ya kushoto, mwembamba kama unywele. Niliufuta kwa kidole. Haukufutika. Nikajiambia ni alama ya uzee tu, nikaendelea. Nati zote niliziweka kwa vidole kwanza, kisha nikazikaza kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda pembeni, ili kitambaa kisivutwe upande mmoja.

Sasa mbele, mahali ambapo ningeomba msomaji apunguze mwendo. Kitambaa kinapita juu ya upau wa mbele, kinakunjwa chini yake, kinagundishwa, kisha raba na bapa lake hufungwa juu ya gundi kwa skrubu. Unachofanya ni hiki: unafunga makomeo mawili ya mbele paa likiwa limesimama, unavuta kitambaa mpaka mikunjo iishe, na unachora mstari wa chaki pale kinapogusa ukingo wa upau. Kisha unafungua makomeo, paa linalegea, unapaka gundi, na unakishusha kitambaa mpaka mstari wa chaki ukutane na ukingo. Chaki ndiyo kipimo.

Mimi nilichora, kisha nikaona ni afadhali niongeze sentimita moja, ili paa likaze kama ngoma. Shemeji aliniuliza, "Shemeji, hiyo chaki umechora ya nini kama hutaifuata?" Nikamjibu kwamba vinili italegea baadaye. Nilikuwa nimechoka, njaa ilikuwa inauma, na nilitaka jambo liishe. Gundi ya kugusisha hupakwa pande zote mbili, kisha husubiriwa mpaka ukiigusa kwa kidole isifuate kidole. Ukiishagusisha, hakuna kusogeza. Tukagusisha kwenye sentimita yangu ya nyongeza, tukarudisha raba, tukainua paa.

Makomeo hayakufika. Yalibaki na pengo la vidole viwili juu ya kioo cha mbele. Nilining'inia kwenye upau kwa uzito wangu wote, hayakufika. Nikakumbuka kulabu za makomeo zinaweza kurefushwa kwa kuzizungusha, nikazirefusha hadi mwisho. Pengo likabaki la kidole kimoja, na nikisukuma zaidi naona mshono wa juu ya kioo cha nyuma unaanza kufunguka mdomo. Ikabidi tufungue raba, tuibandue gundi iliyokwisha kushika, tusafishe, tupake upya, turudi kwenye mstari wa chaki. Saa tatu zaidi. Mke wangu alitoka na taa na chai, akasimama akatuangalia, akauliza kama tunataka aandae kitanda cha mgeni. Shemeji alilala kwetu usiku ule.

Kwenye mstari wa chaki, makomeo yalifunga kwa mkono mmoja wenye nguvu, jambo ambalo ndilo linalotakiwa kwa paa jipya. Wiki nne hivi za kwanza usilishushe kabisa, liache likiwa limefungwa, hasa juani. Litajipima lenyewe juu ya fremu na kulegea kiasi, na ndipo utarudisha kulabu mahali pake. Na usikate ukingo wa ziada mpaka uhakikishe makomeo yanafunga. Kama tungekuwa tumekata kabla ya kubandua, tungenunua paa lingine.

Jumapili tulijaribu maji. Hapa nilifanya jambo moja sahihi: sikutumia mashine ya shinikizo. Ulikuwa mpira wa kawaida wa kumwagilia bustani, maji yakidondoka kama mvua. Mmoja nje, mmoja ndani na tochi. Unaanza chini nyuma, dakika kadhaa, kisha unapanda pembeni, kisha juu, mwisho mbele. Ukianzia juu, maji yanashuka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Mimi ndiye niliyekaa ndani. Dakika tano, kavu. Dakika kumi, kavu. Nilianza kutabasamu. Kisha nikasikia tone likigonga chuma nyuma ya nguzo ya mkanda wa kushoto. Nikamulika. Tone lingine. Kisha ukawa mstari.

Nitasema ukweli, nilitaka kulia. Paa lilikuwa zuri, limenyooka, halina mkunjo hata mmoja, na maji yalikuwa yanaelekea kwenye kapeti lilelile.

Tulifungua nyuma tena. Nati zote, mabapa yote. Na tulipouinua ukingo wa kitambaa, mfereji wa plastiki upande wa kushoto ulikuwa umejaa maji yaliyosimama kama kwenye kisahani, yakipenya taratibu kwenye ule mstari mweupe niliokuwa nimejaribu kuufuta kwa kidole.

Ndipo nilipoelewa gari hili linavyofanya kazi, na natamani mtu angenieleza siku ile nilipoulizwa kuhusu mfereji. Kitambaa hakizuii mvua kama bati la nyumba linavyozuia. Kinaiteremsha tu. Kati ya kitambaa na bodi kwa nyuma kuna mwanya, na maji yanaingia humo kila mvua inaponyesha, hata gari likiwa jipya. Mfereji uko chini ya mwanya huo kuyapokea na kuyapeleka pembe mbili, kushoto na kulia. Kila pembe ina tundu lenye mrija unaopita ndani ya bodi na kutokea chini ya gari, mbele ya gurudumu la nyuma. Mfereji ukipasuka, au tundu likiziba, unaweza kuvika paa la bei yoyote duniani na bado utakaa kwenye maji. Nilikuwa nimetumia wiki mbili kwenye kitambaa, na si ajabu tangu mwanzo kosa kubwa halikuwa la kitambaa. Mpasuko wa dirisha ulikuwa juu, mbele ya macho, ukanifanya nisiangalie chini.

Mfereji wetu ulikuwa umepasuka pembe zote mbili. Upande wa kulia ulivuja kidogo tu, kwa sababu tundu lake lilikuwa wazi na maji hayakupata muda wa kusimama. La kushoto lilikuwa limeziba kabisa. Usilizibue kwa waya mgumu. Mrija ni laini, na ukiutoboa maji yataishia ndani ya bodi chini ya mlango, yakila chuma kutokea ndani ambako huoni mpaka siku kidole kinapita. Sisi tulitumia uzi mnene wa plastiki, ule wa mashine za kukatia nyasi, ukizungushwa taratibu, na maji ya vuguvugu kwa kikombe. Baada ya robo saa, chini ya gari pakadondoka tope jeusi, kisha majani yaliyooza, mbegu, na kitu kirefu chembamba ambacho shemeji alikiokota akakigeuzageuza kwenye mwanga. Kilikuwa mzizi. Mmea ulikuwa umeanza maisha ndani ya gari langu. Baada ya mzizi ule, kikombe kizima kilipita kwa sekunde chache.

Niliagiza mfereji mpya, ule niliosema siuhitaji. Ulichukua wiki mbili kufika, na gari lilikaa likiwa limefunikwa kwa turubai la kawaida lililofungwa kwa kamba. Wakati huo nilitoa kapeti zote nikazikausha, nikasugua sakafu, nikakuta kutu changa sehemu mbili nikazipaka rangi. Kama kapeti lako limewahi kulowa, litoe. Sifongo iliyo chini yake inashika maji kwa wiki nyingi hata juu pakiwa pakavu.

Mfereji ulipofika, kazi yenyewe ilikuwa ya asubuhi moja. Tulijua kila nati iko wapi. Shemeji alikuja na kucha yake nyeusi ikiwa nusu imeota upya. Tulivika, tukakaza kwa mkono bila pupa, tukamwaga maji kwa mpira kwa nusu saa, tukabadilishana nafasi ya kukaa ndani. Hapakuwa na tone. Sikufurahi bado. Mpira wa bustani si mvua.

Sasa hivi matundu yale mawili nayapima kwa kikombe cha maji mwanzo na mwisho wa kila msimu wa mvua, na nikiegesha chini ya mti nafuta majani yaliyokwama kwenye mwanya wa nyuma kabla hayajateremka. Paa silikunji likiwa limelowa. Nyaya za kupasha kioo nimeziunganisha baadaye kabisa, kazi ndogo ya saa moja ambayo ningeweza kuiacha.

Mvua yenyewe ilikuja siku ya tisa, usiku, ya upepo. Kabla ya kulala nilitandaza magazeti kavu sakafuni mwa gari, nyuma ya viti vyote viwili. Nikalala vibaya. Saa kumi na moja alfajiri nilitoka na tochi, mvua ikiwa bado inanyesha, nikafungua mlango nikapapasa gazeti la upande wa kushoto. Lilitoa mlio wa karatasi kavu. Nikapapasa la kulia. Kisha nikafunga mlango, nikachuchumaa kwenye matope, nikamulika chini ya gari mbele ya gurudumu la nyuma. Maji yalikuwa yanatoka kwenye mrija, mstari mmoja mwembamba, mfululizo, yakimwagikia ardhini.